Nozeli ya bomba la mgongoni: ipi ya magugu, ipi ya wadudu, na namna ya kuipima

Ukifungua boksi la bomba jipya la lita 16, utakuta nozeli moja imekwisha fungwa kwenye fimbo, ile ya kuzungusha, na mara nyingi pembeni kuna kimfuko cha nailoni chenye vinozeli viwili vitatu vya plastiki vya rangi rangi. Kimfuko hicho hupotea siku ileile ya kwanza. Ni hasara kubwa, kwa sababu kipande hicho kidogo kuliko kizibo cha soda ndicho kinachoamua ekari itapata dawa kiasi gani, matone yatakuwa makubwa au madogo, na yatatua wapi. Dawa inaweza kuwa halisi na bomba likawa jipya, lakini nozeli isipokuwa yenyewe, kazi yote imeharibika.

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukiambiwa dukani "weka mililita 100 kwa bomba", kipimo hicho kina maana pale tu unapojua ekari yako inamaliza mabomba mangapi. Chukua mpigaji mwenye nozeli ya kuzungusha iliyofunguliwa sana, anayetembea taratibu huku akiyumbisha fimbo kushoto na kulia. Anaweza kumaliza mabomba 10 kwa ekari, yaani maji lita 160 na dawa lita 1. Sasa mpe nozeli ya bapa ya njano, atembee moja kwa moja bila kuyumbisha fimbo. Ekari ileile itakwisha kwa lita 38 hivi, ambazo hazifiki hata mabomba mawili na nusu. Akiendelea na mililita 100 zake kwa bomba, shamba limepata mililita 240 badala ya 1,000. Magugu yatanyauka majani, baada ya wiki mbili yatachipua upya, na mwenye duka ataambiwa kauza dawa feki. Kosa hilo likigeuzwa, nozeli ikawa imelika na kutoa zaidi, ndipo mazao yanapoungua na masalia ya dawa yanapozidi kwenye nyanya zinazokwenda sokoni.

Kwa hiyo kipimo cha kufuata ni kile cha lebo kwa ekari au kwa hekta. Kipimo cha bomba unakitafuta mwenyewe baada ya kuchagua nozeli na kuipima, na namna ya kufanya hivyo inakuja hapa chini.

Namba na rangi

Nozeli nzuri ya bapa ina namba usoni, kwa mfano 11002. Tarakimu za mbele, 110, ni nyuzi za pembe ambayo dawa inafunguka. Hizo 02 za mwisho ni mtiririko: galoni 0.2 za Kimarekani kwa dakika kwenye presha ya psi 40, ambayo ni karibu baa 2.8. Rangi nazo hufuata kanuni ya kimataifa ya ISO 10625, kila rangi na mtiririko wake. Hizi ndizo zinazomhusu mwenye bomba la mgongoni, kwa lita kwa dakika:

Chungwa (01): 0.39 kwenye baa 3, na 0.28 kwenye baa 1.5
Kijani (015): 0.59 na 0.42
Njano (02): 0.79 na 0.56
Zambarau (025): 0.99 na 0.70
Bluu (03): 1.18 na 0.83
Nyekundu (04): 1.58 na 1.12

Usiamini rangi peke yake. Kuna nozeli za bei rahisi zisizofuata kanuni hiyo, na nozeli za kibao, ambazo nitazieleza, mara nyingi zina mpangilio wao wa rangi. Nozeli isiyo na namba yoyote unaweza kuitumia, ila mpaka umeipima kwa jagi na saa.

Aina nne utakazokutana nazo

Nozeli ya bapa ina tundu refu jembamba kama jicho la paka, na hutoa dawa kama pazia: jembamba kwenye mdomo, pana chini. Ziko za namna mbili, na dukani hazitofautishwi. Ya kwanza hutoa dawa nyingi katikati na kidogo pembeni. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya bomba refu la trekta, ambako pazia la nozeli moja linaingiliana na la jirani yake, pembe zikajazana. Ya pili hutoa dawa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa kawaida ina herufi E baada ya namba, kama 8002E. Kwa fimbo yenye nozeli moja, tafuta hiyo ya E. Ukiikosa, tumia ile ya kwanza, lakini kila mstari mpya uingie kidogo kwenye ukingo wa mstari uliopita, la sivyo utaona vipande vya magugu mabichi vimenyooka shambani kama njia za panya.

Nozeli ya kibao haina mdomo wa bapa. Maji hutoka kwenye tundu la duara, yanagonga kibao cha mshazari, yanatawanyika kwa upana. Inafanya kazi kwa presha ndogo sana, baa 1 inatosha, matone yake ni makubwa na haizibi kirahisi kwa sababu tundu lake ni kubwa. Kwa dawa za magugu za kupuliza kwenye udongo kabla mazao hayajaota, na kwa glaifoseti, hii ni nozeli ya kuaminika kuliko wanavyoipa sifa.

Nozeli ya koni ndiyo ya wadudu na ukungu, na inafaa uifungue uijue. Fungua kifuniko, kigonge taratibu kiganjani. Itatoka mipira ya kuzuia kuvuja, kisahani chenye tundu dogo katikati, kisha kipande cha plastiki au shaba chenye mifereji miwili iliyokatwa mshazari. Kipande hicho ndicho roho ya nozeli. Dawa inapita kwenye mifereji ile, inaanza kuzunguka kwa kasi ndani ya chumba kidogo kabla ya tundu, na ikitoka nje inafunguka kama koni iliyo tupu katikati. Kipande hicho kikidondoka kwenye majani wakati wa kusafisha, au kikirudishwa kimegeuzwa nyuma mbele, utapata mchirizi mmoja kama wa mpira wa kumwagilia. Ndiyo maana nozeli hufunguliwa juu ya beseni, siyo juu ya nyasi. Baadhi ya vipande hivyo vina tundu jingine katikati. Hapo koni inajaa ndani, matone yanakuwa makubwa kidogo, na haifai tena kwa kazi ya majani yaliyosongamana.

Ya nne ni ile ya kuzungusha iliyokuja na bomba. Ukiikaza inatoa koni pana, ukiilegeza inatoa mchirizi mrefu. Ubaya wake ni kwamba kila robo ya mzunguko inabadilisha upana, ukubwa wa matone na kiasi kinachotoka, vyote pamoja. Ukiipima asubuhi, mkono ukaigusa saa nne, kipimo chako kimekwisha. Kwa dawa za magugu, itoe kabisa uiweke nyumbani. Kwa wadudu inaweza kusaidia ukiwa huna nyingine, ila ipige alama kwa rangi ya kucha au wino mahali ulipoipima, usiihamishe hadi umalize shamba.

Kuna pia nozeli za bapa zenye matundu mawili ubavuni, zinazovuta hewa na kutoa matone makubwa yenye mapovu. Nyingi zinahitaji baa 2 au zaidi ili zifanye kazi, na bomba la mgongoni linalopigwa kwa mkono haliishikilii presha hiyo kwa utulivu. Waachie wenye trekta, isipokuwa lebo ya nozeli yenyewe imesema inafanya kazi kwa presha ndogo.

Ukubwa wa tone

Tone likigawanywa nusu kwa upana, linatoa matone manane. Kwa maji yaleyale, matone madogo yanafunika jani vizuri zaidi, na hiyo ndiyo faida ya koni. Lakini tone dogo halishuki. Katika hewa iliyotulia, tone la maikroni 400 (maikroni 1,000 ni milimita 1) linashuka mita 3 kwa sekunde 2 hivi, la maikroni 100 linahitaji sekunde 10, na la maikroni 20 linaelea dakika 4. Katika dakika hizo nne upepo unalipeleka unakotaka, na mara nyingi kwanza kwenye uso wa mpigaji.

Ndiyo sababu dawa za magugu hupigwa kwa matone makubwa na presha ndogo. 2,4-D, ambayo ni dawa ya magugu ya majani mapana, ikipigwa kwenye mahindi haiyadhuru, lakini ukungu wake ukivukia kwa jirani, nyanya, pamba na mizabibu hupinda majani hata kwa kiasi kidogo sana. Mtu wa Dodoma mwenye mahindi kando ya mizabibu analijua hili, au jirani yake atamfundisha.

Ipi kwa kazi ipi

Magugu yaliyokwisha ota, kwa dawa inayosafiri ndani ya mmea kama glaifoseti: bapa ya njano au ya kijani, au ya kibao, baa 1 hadi 1.5, maji lita 35 hadi 60 kwa ekari kama lebo inaruhusu. Maji mengi hayasaidii, na maji ya tope yanaiua glaifoseti kabla haijafika kwenye jani, kwa sababu inajishika kwenye chembe za udongo. Dawa ya magugu inayoua kwa kugusa tu inataka jani lifunikwe, kwa hiyo panda hadi bluu na maji zaidi, lakini presha ibaki chini.

Viwavijeshi vamizi kwenye mahindi hukaa moyoni, chini ya kinyesi chao kinachofanana na unga wa mbao. Ukungu mwembamba unaotandaa juu ya majani hauwafikii. Hapa dawa inatakiwa ishuke. Tumia bapa ukiwa umeigeuza ili pazia liende sambamba na mstari wa mahindi badala ya kuukata, au koni ya pembe nyembamba, na uielekeze wima moyoni mwa mche. Piga asubuhi mapema au jioni, wakati viwavi wanakula.

Nyanya ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na hapa nozeli ya koni haina mbadala. Inzi weupe wako chini ya jani, kantangaze amejichimbia ndani ya jani, bakajani linaanzia chini kwenye majani yaliyosongamana. Mpigaji anayepita juu juu na fimbo analowesha upande wa jani usio na adui. Funga kiwiko cha nyuzi 45 mwishoni mwa fimbo (mabomba mengi yanakuja nacho), shusha nozeli hadi usawa wa magoti, igeuze itazame juu, kisha panda nayo taratibu hadi kileleni huku unatembea. Pitia kila tuta pande zote mbili. Presha iwe baa 3 hivi. Simamisha kabla majani hayajaanza kudondosha. Yakidondosha, dawa inayoshuka chini ni ile uliyoilipia.

Kama unataka kujua umefunika kiasi gani, kuna vikaratasi vya njano vinavyogeuka bluu vikiguswa na tone. Vibane kwa klipu kwenye majani, juu na chini, piga maji matupu, kisha hesabu madoa kwenye sentimita moja ya mraba. Kwa dawa ya wadudu 20 hadi 30 yanatosha, kwa magugu ya kugusa 30 hadi 40, kwa ukungu 50 hadi 70. Ukikosa vikaratasi, funga vipande vya karatasi ya daftari na weka rangi ya chakula kwenye maji.

Presha, na kwa nini kupampu zaidi hakusaidii

Mtiririko hauendi sambamba na presha. Ili nozeli itoe mara mbili, presha inatakiwa iwe mara nne. Ukiona maji hayatoshi ukaongeza nguvu ya mkono, utapata nyongeza ndogo tu, na matone yatavunjika kuwa ukungu. Badilisha nozeli, siyo mkono.

Bomba la kawaida halina kipimo cha presha, lakini orodha ya rangi hapo juu inaweza kukusaidia. Weka nozeli mpya ya njano, pampu kwa mdundo wako wa kila siku, kusanya maji ya dakika moja. Ukipata mililita 560, uko kwenye baa 1.5, ukipata 790, uko kwenye baa 3, ambayo kwa magugu ni nyingi mno. Suluhisho bora ni vali ya kutuliza presha inayofungwa kati ya fimbo na nozeli. Inafunguka presha ikifika kiwango chake na kuishikilia hapo, hata mkono ukichoka.

Vichwa vya nozeli mbili au nne kwenye fimbo moja vinapendwa kwa sababu vinaonekana kumaliza kazi haraka. Kwa bomba la mkono, presha inagawanyika, koni zinajikunja, na dawa inachuruzika badala ya kupuliza. Viache kwa bomba la injini au la betri lenye nguvu ya kutosha, na hata hapo pima upya.

Kupima shambani

Tumia maji matupu, na vaa kama utakavyovaa siku ya dawa, kwa sababu buti na glavu hubadilisha mwendo.

Kwanza pima upana. Shika nozeli sentimita 40 hadi 50 juu ya ardhi kavu, tembea hatua chache ukipuliza, kisha pima ule mkanda uliolowa sawasawa, ukiacha kingo zenye madoa machache. Bapa ya nyuzi 110 itakupa karibu mita 1.

Kisha pima mita 10 kwa 10, weka vijiti pembeni. Jaza bomba hadi alama unayoiona vizuri, huku limesimama mahali tambarare. Puliza eneo lote kwa mwendo wa kazi, mistari kumi kama upana ni mita 1. Rudi palepale, jaza tena hadi alama ileile kwa jagi lenye vipimo, na uandike lita zilizoingia. Zidisha kwa 40, umepata lita kwa ekari. Zidisha kwa 100, umepata lita kwa hekta. Rudia mara tatu uchukue wastani, maana mara ya kwanza kila mtu hutembea kama anatazamwa.

Mfano: imeingia lita 0.93. Mara 40 ni lita 37. Gawanya kwa 16, ni mabomba 2.3. Lebo ikitaka lita 1 ya dawa kwa ekari, kila bomba linapata mililita 1,000 gawanya kwa 2.3, yaani 435. Lile bomba la mwisho lisilojaa lipimie kwa lita zake: kila lita ya maji mililita 27.

Mtu mwingine akishika bomba, anapima upya. Mwendo wa mita 1 kwa sekunde na wa mita 0.7 kwa sekunde unatofautiana kwa zaidi ya theluthi moja ya dawa.

Inapolika na inapoziba

Nozeli hailiki kwa macho. Unaijua kwa jagi tu: ikitoa asilimia 10 zaidi ya mpya, itupe. Njano iliyokuwa inatoa mililita 560 ikifika 615, imekwisha. Shaba ndiyo inayolika haraka, hasa kwa dawa za unga kama za kopa na mankozebu, ambazo ni mchanga mwembamba ndani ya maji. Plastiki ngumu huvumilia kuliko shaba, chuma cha pua zaidi, na seramiki inazishinda zote.

Inayoziba kabla ya muda inakuambia kuhusu chujio. Weka chujio la matundu 50 kwa inchi kwa njano na kubwa zaidi, matundu 100 kwa kijani na chungwa. Anayetoa chujio kwa sababu "linachelewesha" anahamishia uchafu kwenye tundu la nozeli. Dawa ya unga ikoroge kwanza kwenye ndoo ndogo hadi iwe uji mwepesi, ndipo uimimine bombani kupitia kichujio cha mdomoni.

Ikiziba, achia presha, itoe ukiwa na glavu, isuuze kwenye maji, isugue kwa mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo. Usitumie sindano, waya wala mwiba: mkwaruzo mmoja unapindisha pazia lote, na huwezi kuuona. Usipulize kwa mdomo kamwe. Kinachokaa kwenye tundu ni dawa kamili, na midomo inaipokea moja kwa moja. Tembea na nozeli mbili za akiba zinazofanana, ubadilishe palepale, ile iliyoziba uisafishe ukimaliza.

Bomba la dawa za magugu liwe la magugu tu, pamoja na nozeli na chujio lake. 2,4-D hubaki kwenye mpira na kwenye chujio hata baada ya kusuuza, na mche wa nyanya utaionyesha.

Ukishamaliza kupima, chukua kalamu ya wino usiofutika, andika ubavuni mwa bomba: rangi na namba ya nozeli, mililita kwa dakika, lita kwa ekari, jina la mpigaji na tarehe. Rudia kupima kila mwanzo wa msimu, na katikati ya msimu kama unapiga dawa za unga kila wiki.